Gari Lina Kompyuta, Funguo Anazo Nani? Mwongozo wa Kufuli za Programu kwa Mnunuzi wa Gari la Mtumba

Kenya haipokei gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tanzania inalipokea, ila gari kuukuu linabeba ushuru wa ziada. Kwa hiyo mengi yanayoshuka siku hizi Mombasa na Dar es Salaam si yale ya kontroboksi (kompyuta ya injini) moja iliyojificha nyuma ya droo ya dashibodi. Ni magari yenye kompyuta kadhaa: ya injini, ya gia, ya breki, ya milango, ya redio. Zinafahamiana, na baadhi zinagoma kufanya kazi zikigundua kuwa mwenzao amebadilishwa.

Watengenezaji wana sababu zao. Mwaka 2015 watafiti wa usalama wa kompyuta Charlie Miller na Chris Valasek waliingia ndani ya Jeep Cherokee kupitia intaneti na kuliondolea nguvu likiwa barabara kuu. Kampuni ikalazimika kuita magari milioni 1.4 yarekebishwe. Kufuli zilizofuata zinazuia wezi na wadukuzi kweli. Tatizo ni kwamba kufuli hiyo hiyo inamzuia fundi wako wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, asifute hata kosa la breki aliyoitengeneza sawasawa. Mwenye gari akiujua mfumo huu mapema, sehemu kubwa ya usumbufu anaikwepa, maana hatari ziko katika nyakati tatu: kulipa, kutoa betri, na kununua spea.

Kabla ya kulipa: skana kwanza

Soketi ya OBD, pale inapochomekwa mashine ya kusoma kompyuta za gari, iko chini ya usukani, ina nafasi za pini 16. Ya 16 ina umeme wa betri muda wote, ya 4 na ya 5 ni hasi, ya 6 na ya 14 ndizo nyaya za CAN ambazo kompyuta huzungumzia. Kwa ukaguzi wa mwanzo, kifaa cha ELM327 cha Bluetooth na programu ya simu kama Torque au Car Scanner vinatosha. ELM327 nyingi za bei chee zilizoandikwa v2.1 zimepunguzwa amri: zinaungana na simu bila shida, halafu zinashindwa kuongea na gari. Ikitokea hivyo badilisha kifaa kabla ya kulilaumu gari. Magari ya soko la ndani la Japani ya kabla ya 2008 nayo mara nyingi hayafuati OBD II kikamilifu, hayo yanataka mashine ya fundi.

Washa switchi bila kuwasha injini, kisha usikimbilie kusoma makosa. Anza na haya:

1. Namba ya chasisi iliyo ndani ya kompyuta ya injini. Linganisha na iliyogongwa kwenye bodi na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Magari ya Japani yana namba fupi, kwa mfano inayoanza na NZE141 au NHP10, na baadhi hayaionyeshi kwenye programu ya simu, kwa hiyo kukosekana peke yake si dosari. Namba ikisomeka na ikawa tofauti, huenda kontroboksi imetoka gari jingine, na muuzaji akueleze nani aliifunga na aliiunganisha vipi na immobilaiza, yaani mfumo unaozuia gari kuwaka bila ufunguo uliosajiliwa.

2. Umbali tangu makosa yafutwe. Gari limekaa yadi wiki nzima, muuzaji anasema halina tatizo, na hapa panasoma kilomita 2. Kuna aliyefuta makosa, au betri ilitolewa, maana kwa magari mengi kutoa betri nako hurudisha hesabu hii kwenye sifuri. Muulize ni lipi kati ya hayo mawili.

3. Majaribio ya kujipima. Kompyuta ya injini hupima yenyewe katalisti, sensa za oksijeni na mfumo wa mvuke wa petroli. Makosa yakifutwa, majaribio haya husomeka "hayajakamilika", na huchukua siku kadhaa za kuendesha mjini na barabara kuu hadi yatimie. Gari lisilo na kosa hata moja lakini majaribio yote hayajakamilika limesafishwa kwa ajili yako, au betri yake ilitolewa karibuni.

Hapo ndipo usome makosa, na safari hii kwa mashine ya fundi inayopita kompyuta zote, kwa sababu programu ya simu mara nyingi huishia kwenye injini. Makosa yanayoanza na herufi U ni ya mawasiliano kati ya kompyuta. U0100, kwa mfano, maana yake kompyuta nyingine haziisikii ya injini. Moja likiwa la zamani linaweza kuwa ni betri iliyokufa melini. Yakiwa mengi na yanarudi baada ya kufutwa, kuna kompyuta imebadilishwa au waya umekatika. Omba ripoti ichapishwe au itumwe kwenye simu yako, ikiwa na namba ya chasisi na tarehe.

Hesabu funguo, kisha ujaribu kila mmoja peke yake

Gari likija na ufunguo mmoja, dai wa pili kabla ya kumaliza malipo, au ukate bei. Kuongeza ufunguo ukiwa na mmoja unaofanya kazi ni kazi ndogo. Ukipoteza zote, fundi analazimika kufungua kompyuta ya immobilaiza au kuomba msimbo kwa wakala, na hapo gharama inaruka mara kadhaa.

Kwa magari ya kuwasha kwa kitufe, peleka funguo nyingine mbali, mita 10 au zaidi, ndipo ujaribu mmoja. Vinginevyo gari litausikia ule ulio mfukoni mwa muuzaji na utadhani wa kwako ni mzima. Kisha toa betri ndogo ya rimoti, kanyaga breki, gusisha upande wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, na ubonyeze. Kwenye Toyota likiwaka namna hiyo, chipu iliyo ndani ni nzima na imesajiliwa. Lisipowaka, unachonunua ni ganda.

Kwa Toyota za ufunguo wa kuchomeka, uliza kama ni ufunguo mkuu au ule wa kijivu wa kumpa mlinzi wa maegesho. Wa kijivu huwasha gari, lakini hausajili ufunguo mpya.

Usitoe betri kabla hujaitazama redio

Hili limewaumiza wengi. Redio za Toyota za Japani zenye ramani, zile ambazo namba zake huanza na NSZT, NSCP au NSCN, hukumbuka kadi ya SD ya ramani. Umeme ukikatika na kadi haimo, skrini huleta ujumbe wa Kijapani unaodai kadi au msimbo wa kufungulia, na kuanzia hapo hakuna redio, hakuna Bluetooth, na mara nyingine hakuna kamera ya nyuma. Kadi nyingi hubaki Japani au hutolewa njiani na mtu aliyeona ni memori ya bure.

Fanya hivi. Fungua skrini ikiwa ina kitufe cha kuilaza, au tazama nafasi iliyo pembeni yake, uhakikishe kadi imo. Piga picha kibandiko cha redio chenye namba ya modeli na namba ya mfululizo (serial) ya kifaa, maana atakayekutafutia msimbo wa kufungulia anaweza kuzihitaji. Kunakili mafaili kwenye kadi mpya peke yake mara nyingi hakusaidii, kwa sababu redio huangalia namba ya kiwandani ya kadi yenyewe.

Ukilazimika kubadilisha betri, shikilia umeme kwa betri nyingine ya volti 12: zima kila kitu, funga milango ili taa za ndani zisiwake, unganisha waya mwekundu kwenye chuma cha kebo chanya ya gari na mweusi kwenye bodi, ndipo utoe betri ya zamani. Kebo chanya ina umeme muda wote huo. Izungushie mpira au kitambaa kikavu kabla hujaiachia, kwa sababu ikigusa bodi itapiga shoti na inaweza kuunguza nyaya. Vishikilia umeme vidogo vya kuchomeka kwenye soketi ya OBD vinafanya kazi pia, ila fyuzi yake ni ndogo na mtu akifungua mlango inaweza kukatika bila wewe kujua.

Kero ya FM haihusiani na kufuli hata kidogo. Redio ya Japani imetengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 95 MHz huku stesheni zetu zikienda hadi 108, kwa hiyo hakuna msimbo utakaoiponya. Funga kipanuzi cha bendi au badilisha redio.

Spea inayohitaji kutambulishwa

Mfano ulio karibu na wengi ni nozeli za injini ya 1KD, D-4D ya Prado, Hilux na Hiace. Kila nozeli ya Denso ina msimbo wa herufi na tarakimu 30 uliochapwa kichwani, unaoeleza tofauti ndogo za kiwandani za kiasi cha dizeli inachomwaga. Kompyuta ya injini inataka misimbo minne, kila mmoja kwa silinda yake. Fundi akifunga nozeli mpya bila kuingiza misimbo, injini inagonga, inatoa moshi na kutetemeka ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, halafu lawama inaangukia nozeli. Wakati mwingine taa ya injini huwaka na kosa P1601.

Kwa hiyo, kabla nozeli haijaingia, ifute, ipige picha ya karibu, na uandike namba ya silinda kwenye picha, ukihesabu 1 hadi 4 kutoka upande wa mkanda. Ikishafungwa, kusoma msimbo ni kazi ya kioo na tochi. Misimbo huingizwa kwa Techstream, programu ya Toyota ya mafundi, au mashine nyingine yenye sehemu hiyo. Na kama ni kontroboksi inayobadilishwa, isomeni ya zamani kwanza mnakili misimbo yote, maana ikishakufa kabisa hamtaipata humo. Nozeli zilizokarabatiwa ni jambo jingine: msimbo ulioko kichwani ni wa nozeli ilipokuwa mpya, basi mwulize aliyekarabati kama ana mashine ya kupima na kutoa msimbo mpya.

Kwenye BMW nyingi, hata betri husajiliwa. Gari huhesabu umri wa betri na kubadilisha namna ya kuichaji. Ukiweka mpya bila kuisajili, linaendelea kuichaji kama kizee na kuifupishia maisha. Ukibadilisha ukubwa, tuseme kutoka 80 Ah kwenda 90, au aina, kutoka ya maji kwenda AGM, kusajili hakutoshi, inabidi kubadilisha pia mpangilio ulio ndani ya gari. Hii haihitaji wakala, mashine nyingi za mafundi huru zinaweza.

Audi na Volkswagen ni habari nyingine. Vifaa kama dashibodi ya geji, redio na kompyuta ya kiyoyozi vina ulinzi unaoviunganisha na gari moja. Ukifunga cha gari jingine kinawaka, lakini kinafanya kazi nusu: redio inakaa kimya, au geji zinaonyesha onyo lisiloondoka. Njia halali ya kuuondoa ulinzi huo ni kuunganisha gari na seva ya kiwanda. Nissan Leaf nayo, betri kubwa ya gari jingine haitakubalika mpaka itambulishwe kwa kompyuta ya gari.

Basi unaponunua spea ya mtumba yenye kompyuta ndani yake, uliza kwanza: itahitaji kutambulishwa, na nani hapa mjini anaweza kuitambulisha? Kama ni kontroboksi ya injini, nunua seti: kontroboksi, kompyuta ya immobilaiza na ufunguo wake, zote kutoka gari moja. Andikiana na muuzaji kwamba irudi isipokubali, tena andika siku, kwa sababu "itarudi" bila tarehe huishia kwenye mabishano.

Mashine inasoma lakini haifuti

Magari ya kundi la Fiat Chrysler, Jeep zikiwemo, ya kuanzia modeli ya 2018 yana kompyuta ya lango la ulinzi (security gateway) inayokaa kati ya soketi ya OBD na gari. Skana ya kawaida inasoma makosa, ila ukijaribu kufuta au kubadilisha mpangilio inakataliwa. Volkswagen ilianza kufuli yake ya namna hiyo, jina lake SFD, mwaka 2020 na Golf ya kizazi cha nane. Fundi asiyelijua hili huhitimisha kwamba mashine yake mbovu au gari lina laana.

Njia iliyo safi ni akaunti ya fundi iliyosajiliwa, inayoungana na seva ya mtengenezaji kwa intaneti wakati wa kazi, na baadhi ya mashine za kisasa zina huduma hiyo. Kwa Fiat Chrysler kuna pia kebo yenye soketi mbili, ya pini 12 na ya pini 8, inayochomekwa kwenye viunganishi vilivyochomolewa kwenye kompyuta hiyo ya lango. Hiyo itumike kwa mwenye gari aliyeridhia, na mwisho wa kazi viunganishi virudishwe mahali pake, kwa sababu kuliacha lango wazi ni kurudisha tundu lile lile lililozibwa baada ya 2015.

Mmiliki wa zamani bado ana simu yake

Gari linaloungana na intaneti linaweza kubaki kwenye akaunti ya aliyeliuza Uingereza au Japani. Huyo anaweza kuona lilipo, na kwa baadhi ya magari kufungua milango. Kurudisha skrini kwenye hali ya kiwandani kunafuta simu na anwani zilizohifadhiwa, lakini hakufuti lazima uhusiano ulioko kwenye seva. Yote mawili yafanyike: wewe ufute kwenye gari, muuzaji aondoe gari kwenye programu yake na akutumie picha ya skrini. Akishalipwa kila kitu, kumpata tena ni bahati.

Usilipie huduma ya mtandao kwa ahadi tu. Nissan iliizima programu ya simu ya Leaf na e-NV200 za zamani Uingereza mnamo Aprili 2024, kwa sababu zilitegemea mtandao wa 2G. Gari la namna hiyo linachaji na kutembea kama kawaida, ila kuwasha kiyoyozi kwa simu ndiyo basi.

Vitu vya kulipia kwa mwezi navyo vichunguzwe. BMW ilijaribu kuuza joto la viti kwa malipo ya mwezi mwaka 2022, likazua kelele, ikaachana nalo 2023. Huko Marekani, Tesla iliondoa programu za usaidizi wa kuendesha kwenye Model S iliyokwisha kuuzwa na yadi, kisha ikazirudisha mwaka 2020 baada ya habari kusambaa. Jaribu kila kitufe akaunti ya muuzaji ikiwa imeshaondolewa. Kisichofanya kazi hapo usikihesabu kwenye bei.

Haki zako, na barua ya kuzidai

Ulaya, Kanuni ya 2018/858 inawalazimu watengenezaji kuwapa mafundi huru taarifa za ukarabati na njia ya kufikia soketi ya OBD. Oktoba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi dhidi ya FCA Italy (Fiat Chrysler), kwamba mtengenezaji hawezi kuongeza masharti yasiyomo kwenye kanuni hiyo, kama vile kujisajili na kulipia. Massachusetts ilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza mwaka 2012 na wapiga kura wakaipanua 2020. Marekani pia, sheria ya 1975 inazuia kufuta waranti kwa sababu tu umetumia spea isiyo ya kampuni. Jamaa walioko Ulaya wana silaha nyingine tangu Septemba 12, 2025: sheria ya data ya Umoja wa Ulaya inampa mtumiaji haki ya kupata data inayozalishwa na kifaa chake, gari likiwemo.

Kwa bara letu, Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza Julai 2021 unaomruhusu mwenye gari kupeleka huduma kwa gereji huru bila waranti nzima kufa. Kenya na Tanzania unasimama juu ya sheria za jumla, nazo si haba. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mlaji haki ya taarifa anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012 inakataza kumpotosha mnunuzi. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza hilo pia na malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani (FCC). Data zako binafsi zinalindwa na sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022.

Simu na makelele kaunta havikupi ushahidi. Andika barua, kwa mfano:

"Gari langu lenye chasisi namba … nililinunua kwenu tarehe …. Tangu tarehe … huduma ya … haifanyi kazi, na mmenieleza kwa mdomo kwamba haiwezi kurekebishwa nje ya karakana yenu. Naomba mnijibu kwa maandishi: ni kifaa au programu ipi inayozuia, kama nilielezwa zuio hilo kabla ya kununua, na katika hati gani, gharama na muda wa kuliondoa, na ni data zipi kuhusu mimi au gari hili mnazohifadhi, na mmempa nani. Nimeambatanisha ripoti ya skana ya tarehe …."

Weka siku ya mwisho ya kujibiwa, chukua muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, au tuma kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Swali la pili ndilo linalouma zaidi, kwa sababu muuzaji mara nyingi hana hati ya kuonyesha.

Kama gari bado lina waranti na unalipeleka gereji ya nje, dai stakabadhi yenye daraja la oili, namba ya filta, kilomita na jina la gereji. Wakala akikataa dai lako, mtake aonyeshe jinsi huduma ile ilivyosababisha hitilafu hii. Kioo cha umeme hakiharibiwi na filta ya oili.